Sumaku kwenye oili ya injini: namna ya kuifunga na namna ya kuisoma

Fungua boliti yenye sumaku ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, na utaona ncha yake imetoka na kofia ya tope la kijivu, laini kama grisi. Lifute kwa kidole chenye glovu, lipake kwenye karatasi nyeupe, kisha pitisha sumaku nyingine chini ya karatasi hiyo. Tope linasimama, linaota miiba midogo, linaifuata sumaku kila inakokwenda. Hicho ni chuma cha injini yako. Jana kilikuwa ukuta wa silinda, au ringi ya pistoni, au cheni ya taimingi.

Mimi ni fundi hapa Mwanga, Kigoma. Wateja wanaoniuliza habari za sumaku karibu wote wana swali moja: "Fundi, itanisafishia oili?" Itasafisha kiasi, ndiyo. Lakini mimi naifunga kwa sababu nyingine: inanionyesha kinachoendelea ndani ya injini mapema, kabla injini haijaanza kugonga na kabla mwenye gari hajaanza kutafuta injini ya mtumba. Ndiyo maana mwongozo huu hauishii kwenye kufunga; sehemu ya kusoma nayo ni ndefu.

Sumaku inashika nini

Inashika chuma na jamii yake: ukuta wa silinda ya chuma cha kutupwa, ringi za pistoni, krankshafti, kamshafti, cheni ya taimingi, gia za pampu ya oili. Vyote hivyo vikisagika, unga wake unavutwa.

Haishiki aluminiamu, kwa hiyo pistoni ikikwaruzwa sumaku haitasema neno. Haishiki shaba, risasi wala bati, na hizo ndizo metali zinazotumika kwa sehemu kubwa kutengenezea beringi za krankshafti. Haishiki masizi ya dizeli, haishiki tindikali zinazozaliwa na kuungua kwa mafuta, haishiki maji, na haishiki vumbi.

Hilo la vumbi naomba ulitie akilini, maana hapa kwetu ndilo lenye mzigo mkubwa. Ukishaacha lami, uwe unaelekea vijiji vya Kasulu, Buhigwe au Uvinza, kiangazi kuanzia Juni gari linatembea ndani ya wingu jekundu. Ndani ya vumbi hilo kuna mchanga, na punje ya mchanga ni ngumu kuliko chuma cha silinda. Ikipenya kwenye njia ya hewa inafika kwenye ringi na kuanza kusaga kama msasa. Sumaku haiuoni ule mchanga. Inachokiona ni chuma ambacho mchanga umekisaga. Kwa hiyo tope likiongezeka kwenye boliti, mimi siendi kwanza kwenye oili. Naenda kwenye ea klina, yaani kichujio cha hewa ya injini.

Na filta je, kazi yake nini kama sumaku ipo? Filta ya karatasi ya kawaida hukamata vizuri chembe za kuanzia takribani maikroni 20 hadi 40, kutegemea ubora wake. Maikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita; unywele wa mtu ni kama maikroni 70. Chembe ndogo zaidi ya hapo nyingi zinapita na kuzunguka tena. Ndani ya beringi, utando wa oili unaotenganisha chuma na chuma wakati injini imebeba mzigo unaweza kuwa maikroni chache tu, kwa hiyo hata hizo ndogo zina madhara. Tena kila filta ya njia kuu inahitaji vali ya dharura, iwe ndani ya filta yenyewe au kwenye injini. Filta ikiziba, au oili ikiwa nzito asubuhi ya baridi, vali inafunguka na oili inapita bila kuchujwa, kwa sababu oili chafu ni afadhali kuliko kukosa oili kabisa. Hapo sumaku inasaidia, maana haizibi na haina vali. Chuma kilichobaki ndani ya oili ya moto pia huiharakisha oili kuchakaa, kwa hiyo kukipunguza kuna faida yake. Ila sumaku haikuongezei hata kilomita moja kwenye muda wa kubadilisha oili. Kama ulikuwa unabadilisha kila kilomita 5,000, endelea hapo hapo.

Wenye ndege walilijua hili siku nyingi. Injini nyingi za ndege na helikopta zina kigunduzi cha chembe, yaani kiboliti chenye sumaku kilichounganishwa na taa mbele ya rubani. Chenga za chuma zikijikusanya pale, zinaunganisha umeme na taa inawaka. Hawakukiweka ili kisafishe oili. Kazi yake ni kutoa habari. Sisi hatuna taa, tuna karatasi nyeupe.

Kuchagua sumaku

Kuna njia mbili ninazozikubali: boliti ya sampu yenye sumaku kwenye ncha, na sumaku inayofungwa nje ya kopo la filta. Ya kwanza ndiyo bora na ndiyo nitakayoielezea kwa urefu.

Tatizo kubwa la sumaku ndani ya injini ni joto. Oili ya injini inayofanya kazi hufika nyuzi 90 hadi 120, na gari lenye mzigo linalopanda mlima linaweza kuvuka hapo. Sumaku za neodimi, zile ndogo zenye nguvu ya ajabu, zikiwa za daraja la kawaida hazitakiwi kupita nyuzi 80. Zikipita, nguvu inapungua na hairudi. Angalia herufi baada ya namba. N42 isiyo na herufi nyuma ni ya nyuzi 80, yenye H ni ya 120, yenye SH ni ya 150. Samari-kobalti inastahimili zaidi ya nyuzi 250, ila ni ghali na hapa Kigoma hukutani nayo kirahisi. Feraiti, ile nyeusi ya nyuma ya spika, haina nguvu kubwa lakini joto la injini haliiharibu. Muuzaji akikuambia "hii ni kali sana" bila kujua inastahimili joto kiasi gani, hajakujibu.

Jambo la pili ni namna sumaku ilivyoshikwa kwenye boliti. Chagua ambayo imezama ndani ya tundu la boliti na kubanwa na ukingo wa chuma, siyo iliyobandikwa juu kwa gundi. Hili nimelilipia. Niliwahi kununua boliti kwenye duka moja la spea, sumaku yake imebandikwa vizuri, inang'aa. Sevisi ya tatu nikafungua boliti ikatoka bila sumaku. Nililazimika kushusha sampu nzima, mwenye gari amekaa kwenye benchi tangu asubuhi, na nikaikuta imeng'ang'ania bomba la kichujio cha pampu ya oili, imepasuka vipande viwili. Neodimi ni ngumu lakini inavunjika kama kigae. Kipande kimoja kikivutwa na pampu, mambo ya kuokoa injini yameisha. Siku hizi kila boliti mpya naipima kabla ya kuifunga: naibana kwenye vaisi, naikamata sumaku kwa koleo kupitia kitambaa, naivuta na kuizungusha kwa nguvu. Ikitikisika, inarudi dukani.

Usitumbukize sumaku huru ndani ya sampu, hata kama aliyekushauri ana uzoefu wa miaka thelathini. Vilevile sumaku ya hadi diski ya kompyuta mbovu, ambayo vijana wengi wanaiokota bure, isipande kwenye injini. Itafaa kwa kazi ya beseni ninayoieleza hapo chini, na kwa kazi hiyo haina mpinzani.

Kabla ya kununua, jua boliti yako

Magari madogo mengi ya Toyota tuliyonayo huku, Probox, Corolla, IST, yanatumia boliti ya milimita 12 yenye hatua ya meno 1.25, na kichwa chake ni spana namba 14. Honda nyingi na Mitsubishi nyingi ni milimita 14 yenye hatua 1.5. Usiamini maneno haya kuliko boliti yako. Ifungue ya zamani siku ya sevisi, nenda nayo dukani, na nati inayoingia kwenye ya zamani iingie kwenye mpya kwa vidole bila kukwama. Boliti ambayo meno yake yanakaribia kufanana na ya sampu ndiyo hatari kuliko isiyoingia kabisa, kwa kuwa inaingia mizunguko miwili, fundi anaongeza spana, na meno ya sampu yanaliwa. Sampu ya aluminiamu haitakusamehe.

Pima pia urefu. Sumaku hutokeza ndani ya sampu kuliko boliti ya kawaida, na kwenye baadhi ya injini kuna bati la kuzuia oili isichafuke mawimbi au bomba la pampu karibu na tundu. Oili ikishamwagika, chukua mrija safi wa kunywea soda, uingize kwenye tundu polepole, uone unagota baada ya umbali gani. Ukiwa na nafasi ya sentimita moja zaidi ya urefu wa sumaku, uko salama.

Kazi yenyewe

Andaa spana ringi inayokaa vizuri, beseni safi, glovu za mpira jozi mbili, karatasi nyeupe, washa mpya ya boliti (kile kipete cha kuzuia oili isivuje), filta mpya, oili ya kutosha, na stendi mbili za kuegemeza gari. Jeki ni ya kuinulia. Usilale chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika ya kufungua boliti moja. Mawe na magogo nayo niliyaacha siku niliyoona gogo limepasuka.

Hatua ya 1. Washa injini dakika tano hivi, au fanya kazi mara baada ya gari kurudi safari fupi. Oili yenye uvuguvugu inabeba uchafu. Oili iliyolala usiku kucha imeshauangusha chini ya sampu na mwingine utaubakiza humo. Isiwe ya moto wa kuunguza.

Hatua ya 2. Simamisha gari pahali pa usawa, funga breki ya mkono, weka kizuizi kwenye magurudumu, inua, weka stendi, litikise kwa mkono kabla ya kuingia chini.

Hatua ya 3. Futa eneo lote la boliti kwa kitambaa. Udongo mwekundu ukidondokea kwenye beseni utakuharibia usomaji, na ukiingia kwenye tundu la sampu utakuwa umemwekea adui mlango wazi. Lisugue beseni nalo. Hii ndiyo hatua wanayoiruka wengi, halafu wanakuja kunionyesha "chuma" ambacho ni mchanga wa barabarani.

Hatua ya 4. Mwaga oili. Iache idondoke hadi iwe matone, kama robo saa.

Hatua ya 5. Hapa usikimbilie kufunga. Chukua sumaku yenye nguvu, hata ile ya hadi diski, itie ndani ya kidole cha glovu safi, na uipitishe ndani ya oili ya beseni polepole, ukigusa chini na pembeni, kama mtu anayekoroga uji asiutake ushike sufuria. Itoe, iache ichuruzike, kisha ipeleke juu ya karatasi nyeupe na uichomoe sumaku kutoka ndani ya glovu. Chuma chote kinaachia na kubaki kwenye glovu na karatasi, na sumaku yako imebaki safi. Huo ndio usomaji wako wa kwanza, wa injini kabla haijawahi kuwa na sumaku. Piga picha kwa simu, andika kilomita za gari. Bila picha hii ya mwanzo, utakachokiona sevisi ijayo hutajua ukilinganishe na nini.

Hatua ya 6. Badilisha filta. Paka oili mpya kidogo kwenye mpira wa filta, izungushe kwa mkono mpaka mpira uguse, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko. Usiikaze kwa spana.

Hatua ya 7. Vika boliti mpya washa mpya, ianze kwa vidole, mizunguko yote. Ikigoma, itoe na uanze upya. Sumaku itajaribu kuvuta boliti upande mmoja inapopita kwenye ukingo wa tundu la sampu ya chuma. Ishike kwa uthabiti katikati. Mwenye spana ya torki akaze kati ya nyutoni-mita 35 na 40 kwa zile boliti za milimita 12 za Toyota. Magari mengine fuata kitabu chake. Usiye nayo, shika spana fupi, kaza hadi washa iumwe, kisha ongeza kidogo tu kwa nguvu ya kiwiko na siyo ya bega.

Hatua ya 8. Jaza oili. Probox au IST yenye injini ya 1NZ inachukua lita 3.7 pamoja na filta. Yako angalia kitabu chake na kijiti cha kupimia. Washa, hakikisha taa ya oili inazimika ndani ya sekunde chache, acha injini izunguke dakika mbili tatu huku unachungulia boliti kwa tochi. Zima, subiri, pima kijiti tena.

Imekwisha. Sasa gari liende likafanye kazi.

Kusoma tope

Sevisi ijayo boliti itoke kwa uangalifu, ncha ikitazama juu. Usiifute kwenye suruali. Ipige picha ikiwa na tope lake, kisha lipake tope kwenye karatasi na uliangalie juani.

Tope laini la kijivu au jeusi, lisilo na punje ukilisugua kati ya vidole viwili vyenye glovu, ni uchakavu wa kawaida. Kila injini hulitoa. Kwa gari dogo lililotembea kilomita 5,000, mimi hulipima kwa macho: likiwa ukubwa wa punje ya mchele sina wasiwasi, likifika punje ya maharage nafungua ea klina na bomba lake kabla gari halijaondoka. Kipimo hiki ni cha gereji yangu, kitegemee kwa kadiri hiyo. Kipimo cha kweli ni gari lako dhidi ya lenyewe: sevisi hii dhidi ya iliyopita, kwa kilomita zilezile. Injini mpya au iliyofanyiwa ovahoo itatoa tope jingi sevisi ya kwanza na ya pili kwa sababu ringi zinazoeana na silinda, kisha litapungua. Lisipopungua, rudi kwa aliyeifunga.

Sindano ndogo nyembamba, zinazochoma glovu, si tope. Ni chuma kinachochanwa, mara nyingi cheni ya taimingi au gia. Vipande bapa vinavyometa kama magamba ya mgebuka ni uso wa chuma unaobambuka: kamshafti, beringi za gololi, meno ya gia. Ukiona kipande unachoweza kukishika kwa kucha, gari lisiondoke hadi ujue kimetoka wapi.

Kisha tafuta kile ambacho sumaku imekiacha. Mwaga oili ya mwisho ya beseni, ile nzito ya chini, kwenye karatasi au kitambaa cheupe. Vimeta vya rangi ya dhahabu au shaba visivyofuata sumaku ni beringi, na hizo ni habari mbaya kuliko tope lote la kijivu. Vimeta vyeupe vyepesi visivyovutwa ni aluminiamu, pengine pistoni. Ukiwa na shaka, kata kopo la filta ya zamani kwa mkasi wa bati, siyo kwa msumeno wala grainda, maana grainda itamwaga chuma chake juu ya ushahidi wako. Toa karatasi ya ndani, ikunjue, iache ichuruzike juani, uangalie mikunjo yake.

Mfano mmoja ninao kwenye daftari. Shemeji yangu ana Probox ya kubebea abiria, inaingia vijijini karibu kila siku. Sevisi tatu mfululizo boliti yake ilitoka na tope la punje ya mchele. Ya nne ikatoka na kofia nene iliyofunika sumaku yote, na gari lilikuwa zima: halitoi moshi, halinywi oili, linavuta vizuri.

"Shemeji, gari halina tatizo lolote," akaniambia.

"Gari halijasema bado, shemeji. Boliti imesema."

Nikafungua kasha la ea klina. Klina yenyewe ilikuwa mpya. Ila upande wa pili, upande ambao hewa inatakiwa iwe imeshachujwa, kulikuwa na utando mwekundu. Nikapitisha kidole kikatoka na rangi ya tofali. Bomba la mpira linalotoka kwenye kasha lilikuwa limepasuka kwenye mkunjo, ufa wa urefu wa ukucha ambao huuoni mpaka ulikunje bomba. Kwa kiasi gani cha safari lilivuta vumbi moja kwa moja, sijui; nilibadilisha bomba, nikasafisha njia ya hewa, nikamwaga oili mapema kwa kilomita 2,000 ili kutoa uchafu uliobaki. Sevisi iliyofuata tope likarudi kwenye punje ya mchele. Injini hiyo iko barabarani hadi leo. Filta isingenionyesha ule uchakavu, kwa sababu nani anakata filta kila sevisi?

Kwa hiyo daftari ni sehemu ya sumaku. Tarehe, kilomita, oili uliyotia, ukubwa wa tope, aina yake, picha. Mistari miwili kila sevisi inatosha.

Kusafisha ncha ya boliti ni kazi inayoudhi kwa sababu tope halitaki kuachia. Futa kwa kitambaa kikavu kwanza, kisha bandika utepe wa karatasi wenye gundi, ule wa mafundi rangi, juu yake na ubandue, mara mbili tatu, hadi sumaku iwe nyeupe. Usipulize kwa kompresa. Chenga zile zinakwenda machoni.

Sumaku nje ya filta

Kwa mwenye boliti ya aina isiyopatikana, hii ndiyo njia ya pili. Oili huingia kwenye filta kupitia matundu madogo ya pembeni, inazunguka kati ya kopo na karatasi, inapenya karatasi na kutokea tundu la katikati. Sumaku iliyo nje ya kopo inavuta chuma kwenye ukuta wa ndani, upande wa oili ambayo haijachujwa, na hapo ndipo tunapotaka kikae.

Udhaifu wake ni kopo lenyewe. Ni bati la chuma, na chuma hunywa sehemu kubwa ya nguvu ya sumaku kabla haijafika ndani. Ijaribu kwa filta ya zamani uliyokwisha kuikata: weka sumaku nje, ning'iniza pini kwa uzi ndani. Pini isipovutwa hadi iguse ukuta, sumaku hiyo ni pambo. Yenye nguvu ya kutosha ifunge kwa klampu ya paipu, maana barabara zetu zitaitikisa hadi iachie. Iweke mbali na sensa ya krankshafti na nyingine za jirani, kwa kuwa baadhi ya sensa hufanya kazi kwa sumaku na zitachanganyikiwa. Na siku ya sevisi fungua filta sumaku ikiwa bado juu yake. Ukiitoa mapema, chuma kinaachia na kuanza kutembea.

Sampu ya chuma inaweza pia kubandikwa sumaku bapa kwa nje, lakini bati ni nene zaidi na mawe ya barabarani yapo. Mimi siifungi.

Giaboksi na difu

Hapa utaikuta sumaku tayari. Giaboksi nyingi na difu nyingi (zile gia za kwenye ekseli zinazogawa nguvu kwa magurudumu) zina boliti yenye sumaku kutoka kiwandani, na giaboksi za otomatiki za Toyota mara nyingi zina sumaku ndogo kadhaa zimekaa ndani ya sampu yake. Wenye boti pale Kibirizi nao wanaijua: mguu wa injini nyingi za boti, chini kwenye gia, una boliti ya namna hiyo. Gia hutoa tope jingi kuliko injini, kwa hiyo usishtuke na kofia nene. Shtuka ukiona ncha ya jino. Ila kila ukishusha sampu ya giaboksi, kumbuka sumaku zile zisafishwe na zirudi mahali pake. Nimepokea magari ambayo fundi aliyetangulia alizitupa akidhani ni uchafu.

Tahadhari za mwisho

Sumaku kali zikae mbali na watoto. Mtoto akimeza mbili zinavutana kupitia kuta za utumbo na kuutoboa. Ni safari ya hospitali hapo hapo, bila kusubiri kesho. Mtu mwenye kifaa cha umeme cha kusaidia moyo asizishike. Neodimi mbili kubwa zikikutana ghafla kati ya vidole zinaponda nyama na kurusha vigae, kwa hiyo zitenganishe kwa kuziteleza pembeni.

Oili iliyotumika ina vitu vinavyosababisha saratani ya ngozi kwa mtu anayejipaka kila siku kwa miaka. Vaa glovu, na wewe kijana wa gereji uliyezoea kunawa mikono kwa petroli, tumia sabuni.

Oili ya beseni irudishe kwenye galoni tupu kwa mrija mpana, ifunge kifuniko, iandike "chafu". Kwenye gereji yangu wanakuja kuichukua watu wa kupaka nguzo na mbao za uzio dhidi ya mchwa, mbali na kisima na mbali na bustani. Isimwagwe mtaroni. Mitaro yetu yote ya Mwanga na Ujiji mvua ya kwanza ya Novemba inaishusha ziwani, na yale maji ya Tanganyika ndiyo tunayovulia dagaa na ndiyo tunayochota.